Kupona na Kuponywa: Wasomaji na Hadithi za Mkwaju

Madhumuni ya makala hii ni kuchungua namna wasomaji wanavyoijibu aina moja ya hadithi ambayo wahakiki wengi wameipita bila kuitazama. Hadithi zenyewe hutungwa na mashabiki, yaani watu waliopenda sinema, mchezo wa televisheni au kitabu fulani cha bunilizi za kisayansi, kisha wakawachukua wahusika wake na kuwatungia visa vipya pasipo malipo. Tutakazozitazama hapa ni zile zielezazo mapenzi baina ya wanaume wawili, ambao mmoja wao ameteswa hata akapotewa na nafsi yake, na sasa yampasa kurudi katika maisha ya watu. Jambo hili ni la Marekani na Uingereza zaidi kuliko la kwetu, wala hatukusudii kulihamisha kutoka huko lilikozaliwa. Lakini swali litokanalo nalo ni la kila lugha yenye fasihi: je, msomaji anaposema kwamba hadithi imemfaa katika maumivu yake mwenyewe, huwa amehakiki, au ameshukuru tu?

Wako wataalamu watakaojibu upesi kwamba ameshukuru tu, na kwamba shukrani si uhakiki. Wako na wengine wasemao kwamba katika mambo ya mateso hakuna mhakiki ila aliyeteswa. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea, na tutajaribu kuonyesha kwa nini.

I. Asili ya hadithi hizi

Mchezo wa televisheni uitwao Star Trek ulianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966. Mwaka uliofuata, 1967, mashabiki wake walitoa jarida lao wenyewe, Spockanalia, lenye makala na hadithi juu ya wahusika wa mchezo huo. Mwaka 1974, katika jarida jingine la mashabiki lililoitwa Grup, kilichapishwa kisa kifupi cha mapenzi ambacho hakikuwataja wahusika kwa majina, nao wasomaji wakawatambua kuwa ni Kirk na Spock. Aghalabu kisa hicho hutajwa kuwa cha kwanza cha aina yake kuchapishwa.

Jina la aina hii limetokana na alama ya uandishi. Mashabiki walipotaka kuonyesha kwamba hadithi ni ya urafiki, waliyaunganisha majina mawili kwa alama ya "na". Walipotaka kuonyesha kwamba ni ya mapenzi, waliyatenga kwa mstari ulioinama, ndio ule ambao wachapaji wetu huuita mkwaju. Kwa hiyo tutaziita hadithi za mkwaju. Ni jina linalofaa, kwa kuwa alama hiyo huyatenga na kuyaunganisha majina kwa wakati mmoja, na hilo ndilo jambo lisimuliwalo.

Watungaji na wasomaji wengi wa hadithi hizi tangu mwanzo wamekuwa wanawake. Joanna Russ, ambaye mwenyewe alikuwa mtungaji mashuhuri wa bunilizi za kisayansi, aliliandikia jambo hilo insha mwaka 1985. Mwaka 1992 vilitoka vitabu viwili ambavyo hadi leo havipitwi na mchunguzi: Enterprising Women cha Camille Bacon-Smith, na Textual Poachers cha Henry Jenkins. Bacon-Smith aliishi na mashabiki kama mchunguzi wa mila aishivyo na watu anaowachungua, naye akaona kwamba chini ya visa vya mapenzi pana visa vingine vilivyo karibu zaidi na moyo wa jamii hiyo, ambavyo wenyewe huviita maumivu na faraja: mmoja anaumia, mwingine anamwuguza. Hadithi za kupona kutokana na kiwewe ni tawi la mti huo.

Jambo moja zaidi lafaa kukumbukwa. Mtungaji wa hadithi hizi halipwi fedha. Katika siku za majarida ya karatasi ujira wake ulikuwa barua za wasomaji, nazo zilichapishwa katika toleo lililofuata. Basi jibu la msomaji si nyongeza iliyotiwa nje ya kazi. Limo katika mapatano ya tangu mwanzo baina ya atoaye na apokeaye, wala haiwezekani kulihukumu bila kuyajua mapatano hayo.

II. Kisa kilichoachwa wazi

Ili maneno yetu yasielee hewani, na tuchukue mfano mmoja. Bucky Barnes aliingia katika vitabu vya picha vya Marekani mwaka 1941, katika toleo la kwanza la Captain America, kazi ya Joe Simon na Jack Kirby. Kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa amekufa. Mwaka 2005 Ed Brubaker na Steve Epting walimfufua kwa umbo jingine: muuaji mwenye mkono wa chuma, aliyefutwa kumbukumbu na kutumwa na maadui. Sinema ya mwaka 2014, Captain America: The Winter Soldier, ilichukua habari hiyo ikaieneza ulimwenguni. Humo twaona kwamba mtu huyu alikuwa akigandishwa kwa barafu baina ya kazi na kazi, na kwamba kila alipoanza kukumbuka, mashine ilitumiwa kumfuta tena. Mwishoni anamtambua Steve Rogers, rafiki yake wa utotoni, anamtoa mtoni asizame, kisha anaondoka peke yake.

Sinema inaishia hapo, na hapo ndipo mashabiki walipoanzia. Hadithi nyingi mno zimetungwa kueleza yaliyofuata. Kwa umbo hufanana: mtu anarudi bila jina, anaogopa kitanda laini na kulala sakafuni, anaulizwa angependa kula nini naye anashindwa kujibu kwa kuwa kwa miaka mingi hakuna aliyemwuliza. Kumbukumbu humrudia vipande vipande, na kati ya vipande hivyo kuna vya watu aliowaua. Rafiki yake anangoja. Mapenzi, yakija, huja karibu na mwisho.

Ni dhahiri kwamba umbo hili halikutoka hewani. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kilikiingiza kiwewe cha baada ya maafa katika orodha yake ya maradhi mwaka 1980. Mwaka 1992 Judith Herman alitoa kitabu chake Trauma and Recovery, ambamo alieleza hatua tatu za kupona: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, mwisho kuungana tena na watu. Mtu akizipanga hadithi tunazozisema kwa hatua hizo, ataona kwamba nyingi zinazifuata kwa utaratibu uleule. Maarifa ya madaktari yamekuwa kanuni ya utungaji, kama vina na mizani vilivyo kanuni ya shairi. Na msomaji aliyeizoea kanuni hiyo humjua mara moja mtungaji aliyeruka hatua.

Wenye sinema nao walikuja kusimulia habari hiyo, lakini kwa kuchelewa. Mwaka 2016 walimweka Bucky mafichoni huko Bucharest. Mwaka 2018, mwishoni mwa Black Panther, walimwonyesha kwa muda mfupi akipata nafuu Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika ambayo watu wake katika sinema husema Kixhosa. Mwaka 2021, katika mchezo wa The Falcon and the Winter Soldier, walimpa daktari wa nafsi ambaye alilazimishwa kumwona kuwa ni sharti la msamaha wake, na orodha ya majina ya watu waliomhusu katika maovu aliyotumwa. Kwa hiyo wasomaji wa hadithi za mashabiki walikuwa wamekwisha kuwa na miaka saba ya kufikiri juu ya kupona kwa mtu huyu, na waliipokea kazi ya wenye mali kama watu wenye kipimo mkononi.

III. Majibu ya namna nne

Hatutanukuu hapa jibu la msomaji yeyote. Wengi huandika kwa majina ya kupanga, na huyaeleza mambo ya maisha yao kwa mtungaji mmoja, si kwa wataalamu. Jarida la Transformative Works and Cultures, lililoanza mwaka 2008, huwahimiza wachangiaji wake waombe ruhusa kabla ya kuitaja kazi ya shabiki, nasi twaona kwamba agizo hilo lafaa kufuatwa zaidi pale msomaji anapotoa siri yake. Itatosha kuzipambanua namna za majibu hayo.

Namna ya kwanza ni shukrani tupu. Msomaji asema kwamba amelia, amekesha, amesoma mara mbili. Haelezi sababu. Namna ya pili ni ushuhuda: msomaji asema kwamba yeye naye alipatwa na jambo la kumvunja, na kwamba mahali fulani katika hadithi alijiona. Namna ya tatu ni upimaji wa ukweli: asema kwamba hofu imeelezwa sawasawa, au kwamba mtu aliyeteswa kiasi hicho asingeweza kulala usingizi mzito baada ya juma moja. Namna ya nne ni madai: hutaka mtungaji aongeze sura, amwadhibu mtesaji, au amwache mhusika apumzike.

Katika namna hizi nne, ya tatu yaonekana kuwa ndiyo uhakiki, na nyingine kuwa mazungumzo tu. Lakini tukitazama vizuri tutaona kwamba ushuhuda mara nyingi ni upimaji uliovaa nguo nyingine. Msomaji asemaye kwamba alijiona katika kile kisa cha kuulizwa chakula, si katika kile cha vita, amekwisha kutuambia mahali ilipo nguvu ya hadithi. Wolfgang Iser, katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya tendo la kusoma, alifundisha kwamba maandishi huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza, na kwamba maana huzaliwa katika kujaza huko. Ushuhuda hutuonyesha pengo gani limejazwa, na kwa kitu gani. Hiyo ni habari ambayo mhakiki aketiye peke yake na kitabu hawezi kuipata.

Pamoja na hayo, ushuhuda hauthibitishi yote unayodhaniwa kuthibitisha. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Ni kweli. Lakini aliyekilalia huwajua kunguni wa kitanda kile, si wa vitanda vyote. Wasomaji wawili walioteswa wanaweza kuisoma sura moja, mmoja akasema ni kweli tupu na mwingine akasema ni uongo. Na hayo hutokea. Tukisema kwamba neno la aliyeumia halipingwi, tutafanya nini maneno ya walioumia yanapopingana? Hapo hapana budi turudi katika maandishi yenyewe na kuuliza jinsi yalivyotungwa.

IV. Mgogoro wa dawa

Mabishano makubwa kuliko yote kati ya wasomaji hawa yahusu jambo moja: je, mapenzi ni dawa? Wako wanaotaka kumwona mteswa akipendwa na kwa kupendwa akawa mzima. Wako wanaokasirika wakiona hivyo, wakisema kwamba kiwewe hakiondoki kwa kukumbatiwa, na kwamba hadithi ya namna hiyo humdhulumu msomaji ambaye amependwa na hakupona.

Hapa lugha yetu yaweza kutusaidia kuona kinachobishaniwa. Kiswahili kina kitenzi kupona, na kutokana nacho twapata kuponya na kuponywa. Apponaye ni mwenye tendo, hata kama hatujui nguvu zimetoka wapi. Aponywaye ametendewa na mwingine. Wasomaji wa upande wa kwanza husoma hadithi ya kuponywa: yuko mponyaji, yuko mgonjwa. Wasomaji wa upande wa pili hudai hadithi ya kupona: rafiki awepo, apike, angoje mlangoni, lakini kazi iwe ya mwenye jeraha. Hadithi zilizo bora katika kundi hili, kwa maoni yetu, ni zile zinazoliweka swali hilo ndani ya kisa, hata Steve Rogers mwenyewe akalazimika kujifunza kwamba hamu yake ya kuponya ni mzigo mwingine juu ya mwenziwe. Hadithi dhaifu hulikwepa, na majibu ya shukrani tupu huisaidia kulikwepa.

Tena kupona kwetu kuna maana mbili. Mtu aliyetoka hai katika ajali twasema amepona, hata kama mguu umevunjika na usiku halali. Kwa Kiingereza kunusurika na kurudi katika afya ni maneno mawili mbalimbali. Basi kwa Kiswahili Bucky Barnes amekwisha kupona siku ile ile aliyoondoka ukingoni mwa mto, na hadithi yote ifuatayo ni ya mtu aliyepona ambaye hajapona. Mtarajimi atakayezihamisha hadithi hizi atahitaji kutumia nafuu, ahueni au uzima ili kuzitenga maana hizo, na kila mara achaguapo atakuwa ameingia upande mmoja wa mabishano ya wasomaji.

Neno kiwewe nalo lataka uangalifu. Katika matumizi ya kawaida mtu hushikwa na kiwewe kwa ghafula: moto umezuka, mtoto hajulikani alipo, na mtu anakimbia huku na huku bila kujua afanyalo. Kiwewe hicho hupita. Wataalamu wa siku hizi wamelipa neno hilo kazi ya kutaja jeraha la nafsi lidumulo miaka. Hatulikatai, kwa maana lugha hukua kwa kuyaongezea maneno kazi. Ila msomaji akumbuke kwamba neno limebeba harufu ya ghafula, ilhali shida ya wahusika hawa ni kwamba jambo la ghafula limekataa kupita.

V. Viwakilishi na ngeli

Wasomaji wa hadithi za mkwaju hulalamikia jambo moja la sarufi kuliko jingine lolote. Kwa Kiingereza wahusika wote wawili huwakilishwa kwa neno moja la kiume, na sentensi yenye matendo mengi humfanya msomaji asijue nani amefanya nini. Watungaji hujaribu kutoka katika tatizo hilo kwa kusema yule mrefu, yule mwenye nywele za dhahabu, yule askari. Wasomaji hodari huchukizwa, kwa sababu mtu hamfikirii mpenzi wake kwa rangi ya nywele. Malalamiko hayo ni uhakiki halisi, tena wa lugha: yasema kwamba jina la kupanga humweka msimulizi mbali wakati kisa kinadai awe karibu.

Kwa upande mwingine, Kiingereza huwapa watungaji hawa chombo kimoja wanachokitumia vizuri. Watesaji wa Bucky humhesabu kuwa kifaa. Baadhi ya hadithi huanza kwa kumtaja kwa kiwakilishi cha vitu, na baada ya kurasa nyingi, siku anapokataa jambo kwa mara ya kwanza, hugeuka na kumtaja kwa kiwakilishi cha watu. Majibu ya wasomaji huonyesha kwamba wengi huutambua mgeuko huo, na huusoma kuwa ndiyo kilele cha kisa.

Kiswahili kingelifanya jambo hilo kwa nguvu zaidi. Kwetu ngeli haikai katika kiwakilishi peke yake, bali hushika kila neno: chombo kile kiliamka, kilikula, kilirudi mahali pake. Mtungaji akiendelea hivyo sura tatu, kisha akaandika aliamka, mgeuko utasikika katika kitenzi, katika kionyeshi na katika kivumishi, pasipo neno la kueleza. Twalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba yale ambayo wasomaji wa Kiingereza wameyagundua kwa hisia yana mahali pake katika isimu, na kwamba mhakiki wa lugha hana sababu ya kuyapuuza.

VI. Upungufu wa majibu

Baada ya kuyasifu majibu haya, yatupasa kusema kasoro yake. Kwa kuwa jibu ni ujira wa mtungaji asiyelipwa, adabu ya jamii imelifunga. Anayesoma bure huona aibu kutoa kosa hadharani, na anayetoa kosa huonekana mwenye roho mbaya. Masahihisho ya kweli hutolewa faraghani na msomaji wa kwanza, ambaye mtungaji amemwomba aupitie mswada; tunayoyaona sisi ni yale yaliyochujwa. Kwa hiyo mchunguzi anayehesabu sifa na kusema kwamba hadithi ni bora kwa sababu imesifiwa, amehesabu adabu.

Kasoro ya pili ni kwamba kipimo cha ukweli wa maradhi kimeelekea kuvimeza vipimo vingine. Hadithi ikifuata hatua za daktari husifiwa, hata kama maneno yake ni makavu na wahusika wake husemezana kama vitabu vya mafunzo. Hans Robert Jauss, katika hotuba yake ya mwaka 1967 huko Konstanz, alieleza kwamba wasomaji huikabili kazi mpya wakiwa na upeo wa matarajio, na kwamba thamani ya kazi huonekana katika namna inavyousogeza upeo huo. Hadithi ya kupona iliyowapa wasomaji wa mwaka 2014 jambo wasilolitarajia imekuwa leo ndilo jambo wanalolidai. Mtungaji wa sasa atakayethubutu kumwacha mtu wake bila uzima, au kumpa furaha isiyopitia hatua ya pili, atakuta upeo umekuwa ukuta.

Basi swali tuliloanza nalo twalijibu hivi. Msomaji asemaye kwamba hadithi imemfaa ametoa ushahidi wa kusoma, nao ni ushahidi mzito. Lakini ushahidi haujawa hukumu. Unakuwa uhakiki pale anapotaja ni neno gani, sura ipi, kimya kipi kilichomfaa, ili mwingine aweze kurudi hapo na kutazama. Sharti hilo si gumu, na wengi wa wasomaji hawa wasiojulikana hulitimiza kila siku kuliko sisi tulio na vyeo. Sisi nasi tuna deni la namna ileile. Washairi wetu wamejibizana tangu enzi za Muyaka, na magazeti yetu yamechapisha majibu ya wasomaji kwa watungaji kwa vizazi kadhaa, lakini tumeyasoma majibu hayo kama vioja vya lugha, mara chache kama uhakiki. Itafaa yakusanywe na kusomwa kwa kipimo hiki: si kwa ukubwa wa shukrani iliyomo, bali kwa mahali msomaji alipoweka kidole chake.